Kinu Chetu Kiko kwa Kadzo

Wishwa wa mahindi ukilowa una harufu yake. Si harufu ya kumsifia mtu. Inafanana na uji uliolala, na mti mbichi, na jasho kwa mbali. Mimi nimekaa Watamu miaka mingi, kwenye unga wa pakiti, na nilikuwa nimeshaisahau, mpaka juzi nilipokwenda Jilore kumzika Hawe Kadzo. Niliposhuka kwenye bodaboda, kabla sijaliona jeneza, kabla sijampa mtu yeyote pole, harufu ile ilinijia kutoka nyuma ya jiko. Wanawake walikuwa wanatwanga mahindi ya matanga. Machozi niliyokuwa nimeyazuia njia nzima yakatoka yote palepale, na leso yangu bado iko begani, haijafungwa.

Kinu walichokuwa wakitwangia ni chetu. Ni cha mbambakofi, kina ufa mdogo karibu na mdomo ambao kilizaliwa nao, na mama yangu alipewa na mama yake siku alipoolewa. Kilikuwa kwa Kadzo tangu mimi ni mtoto wa kung'oka meno. Hawe kwa Kigiriama ni nyanya, na nilimwita hivyo alipozeeka, lakini siku za mwanzo nilikuwa na jina jingine la kumwita moyoni mwangu. Nilimwita mwizi.

Tulitoka Ngomeni. Baba alikuwa amechomwa na mwiba wa samaki taa kwenye mguu, na mguu ule haukupona sawasawa. Ukawa wa kuvimba na kunywea, kunywea na kuvimba, na baharini hakuwa tena mtu wa kuchukuliwa. Tulihamia ua wa ami yangu, chumba kimoja, na mke wa ami akawa anafagia karibu na miguu yetu kwa namna ambayo hata mimi mtoto niliielewa. Basi palikuwa na mzee mmoja wa Jilore, Mzee Karisa, aliyekuwa akiteremka Ngomeni kuuza mahindi na kununua samaki wakavu. Alikuwa rafiki wa baba. Akamwambia, "Nina kipande cha shamba kimekaa bure. Njoo ulime. Ukivuna msimu mmoja nitajua wewe ni mtu wa kukaa, nitakukatia na mahali pa nyumba. Kikikushinda nitampa mwingine, na urafiki wetu uko palepale."

Baba akakubali, maana hakuwa na neno jingine la kusema. Tukapanda lori lililokuwa limeshusha nazi, baba, mama, mimi, mdogo wangu Athumani mgongoni, kinu, uteo wa kupepetea, na sanduku la mama lililofungwa kamba.

Lile sanduku nalikumbuka vizuri kuliko nyumba tuliyofikia. Nyumba ilikuwa ya udongo, aliyoiacha mtoto wa Karisa, na makuti yake yalikuwa yamechoka. Mama alilisukuma sanduku pembeni na hakulifungua. Ndani mlikuwa na sahani zake za maua, mashuka mawili, na kifurushi cha papa mkavu ambacho ami alimpa baba kwa kuona haya. Kila mara mama alipohitaji kitu kilichomo alisema kinaweza kungoja. Kamba ile ilibaki na fundo lake la Ngomeni. Nilipomwuliza mbona hafungui, akasema, "Mtu hafungui mzigo kwa watu asiowajua."

Mama yangu alikuwa Mbajuni, mtu wa adabu za kwao. Alilelewa kwamba chombo cha watu hakilali kwako, na hakirudi kitupu. Alilelewa pia kwamba mtu haendi asikoitwa. Hakuna aliyemwambia kwamba adabu inaweza kuwa ukuta.

Jirani wa kwanza kuja alikuwa Kadzo. Wakati ule alikuwa na umri wa kuwa nyanya mchanga, mwembamba, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Alivaa hando, ile sketi nyeupe ya marinda mengi ambayo wanawake wa Kigiriama wa zamani huivaa, iliyojaa sana nyongani. Nilikuwa nimewaona wenye hando sokoni kwa mbali tu. Kwa karibu nilishangaa jinsi nguo ile ilivyofura, nikaamini kwamba ndani mna vitu.

"Mama Athumani!" aliita kabla hajafika. "Nimekuletea mboga. Najua nyinyi kwenu mnakula chumvi na upepo."

Mama alicheka kwa adabu, akapokea bakuli la majani ya kunde. Kadzo hakuwa hata amefika kwake, bakuli lilikuwa limeshaoshwa, limetiwa visheti vilivyobaki vya safari, na mimi nimeshatumwa nalo mbio. Kadzo alilipokea, akalitazama ndani, akaligeuza, akanitazama mimi.

"Mama yako ana haraka ya nini?"

Akaleta tena mihogo, na bakuli likarudi saa ileile na sukari kidogo ndani ya karatasi. Akaleta mchunga, ile mboga chungu ya porini, na bakuli likarudi na nusu ya nazi. Kila mara nilimwona uso unamshuka kidogo. Nilidhani hakupenda tulichompa. Nilimwambia mama, naye akaumia, maana vitu vizuri vilikuwa vinaisha.

Halafu siku moja akaja mikono mitupu.

"Naomba kinu chako," akasema. "Changu kimepasuka."

Mama angemnyima vipi? Kadzo akakiinamisha kinu chetu, akakibingirisha njia nzima mpaka kwake kama mtu anayecheza na gurudumu. Jioni hakikurudi. Kesho yake hakikurudi. Nikatumwa.

Nilimkuta amekaa nje anachambua kunde. "Mama anasema kinu," nikasema.

"Kinu kimesema hakitaki kwenda."

Nilisimama pale sijui la kufanya, macho yanazunguka uani, na ndipo nilipokiona kinu chake mwenyewe. Kilikuwa kimefudikizwa chini ya uchaga wa mahindi, kizima, hakina hata alama, na jogoo amesimama juu yake. Mtu mzima amesema uongo! Kadzo aliona nilikokuwa nikitazama, wala hakustuka.

"Kamwambie mama yako," akasema, "anayetaka kutwanga, kinu kiko hapa. Hakijahama, kimetembea tu."

Nilirudi mbio na habari zote, na ile ya jogoo. Mama alikaa kitako. "Mtu huyu ana uso gani?" alisema, si kwangu. Mashine ya kusaga ilikuwa mbali, na ilitaka pesa. Bila kinu hatukuwa na unga. Basi akajifunga leso kwa nguvu, akamtia Athumani mgongoni, akachukua mahindi, nami nikabeba uteo nyuma yake, na njia nzima nilisubiri kusikia ugomvi.

Hapakuwa na ugomvi. Palikuwa na wanawake wengine wawili, mmoja wao msichana aliyeolewa karibuni, anaitwa Dama. Kadzo alimpa mama mchi, akasimama na wale wawili kwenye kinu kimoja, kila mmoja akishusha wake kwa zamu. Mama alikuwa amezoea kutwanga peke yake, ndani ya ua wa ukuta, polepole.

"Angalieni!" Dama akasema. "Anatwanga kama anampapasa mtoto alale."

"Mahindi yatalala kweli," Kadzo akasema.

Wakacheka. Niliona shingo ya mama ikikaza. Halafu akaunyanyua mchi juu kuliko wao wote, akaushusha hata wishwa ukaruka, na wale wanawake wakapiga kelele za furaha. Wakaanza kuimba. Sikuelewa maneno ila moja, Adzomba, ambalo watoto wa pale walikuwa wakituitia. Maana yake ni wajomba, na ndivyo wanavyowaita Waswahili wa pwani. Nikajua wanatusema. Niliwachukia kwa niaba ya mama, ambaye alikuwa anatwanga huku anatabasamu kwa sababu hakuelewa.

Miaka mingi baadaye nilimwuliza Kadzo kuhusu wimbo ule. Hakuficha. "Tulikuwa tunawasema," alisema. "Kwani tungemwimba nani, mbuzi?"

Tulipoondoka siku ile, uteo wetu ukabaki. Nikakumbusha kwa sauti ili kila mtu asikie. Kadzo akasema, "Uache. Kesho si mtarudi?" Na kweli kesho yake tulirudi, na kesho yake tena, maana unga ni wa kila siku. Athumani akawa hatulii mpaka awekwe kiunoni kwa Kadzo, juu ya ile hando, kama amekaa juu ya mto. Mimi nilikuwa ninaweka hesabu yangu. Kwanza alichukua kinu, halafu uteo, sasa anamchukua mtoto. Mama mwenyewe alikuwa anakawia zaidi kila siku, na anarudi na maneno mapya ya kwao mdomoni. Nilijua anayefuata kuchukuliwa ni mama. Usiku nilikuwa nalala nimeshika pindo la leso yake.

Mvua za mwaka zilikuwa zimenyesha vizuri, na mahindi tuliyopanda yakaota. Lakini magugu nayo yakaota. Mguu wa baba ukaingia maji ya matope, ukavimba kuliko wakati wowote, akawa anatambaa hadi mlangoni na kurudi. Mama alipalilia peke yake asubuhi baada ya kutwanga, na alipofika mwisho wa mstari mmoja, mstari wa nyuma ulikuwa umeshafunikwa. Mzee Karisa alipita siku moja. Alisimama kwenye kona ya shamba, mkono nyuma, akatazama. Akaja akamjulia hali baba, wakazungumza mambo ya Ngomeni. Hakusema neno juu ya shamba, na kutosema kwake kukatutisha wote.

Alipoondoka mama akasema, "Magugu yakiyamaliza haya, tutarudi."

"Turudi wapi?" baba akauliza.

Mama alikwenda kwenye sanduku akalivuta fundo la kamba, kuona kama bado limeshika. Mimi nilifikiri juu ya kinu. Tutaondoka, na Kadzo atabaki nacho.

Asubuhi yake tulikwenda kutwanga kama kawaida. Kadzo akauliza, "Mguu wa Baba Athumani?"

"Alhamdulillahi," mama akasema.

"Na shamba?"

"Alhamdulillahi."

Kadzo akashusha mchi, akapumzika. "Mungu asifiwe, mama. Lakini hiyo alhamdulillahi inapalilia? Maana nimepita jana, nimeona mahindi yenu yanachungulia kwenye majani kama watoto wanaocheza kujificha."

"Tutafanya."

"Wewe na nani? Na Athumani?"

Dama, ambaye hakuwa na kizuizi cha mdomo, akasema, "Kwangu juzi tulikuwa na mweria, shamba zima likaisha kabla ya jua kukomaa. Watu walijaa. Nyinyi hatukuwaona."

Mweria ni kazi ya kusaidiana. Leo wote kwa fulani, kesho wote kwa mwingine, na mwenye shamba anapika.

"Sikualikwa," mama akasema.

Walicheka mpaka yule mwanamke wa tatu akashika tumbo. "Kwani kazi ni harusi?" Kadzo alisema. "Upelekewe na mualiko? Ukisikia majembe, unakuja na lako."

"Kwetu mtu haendi asikoitwa," mama akasema, na sauti yake ilitetemeka.

Kadzo aliacha kucheka. Nakumbuka kwamba kinu kilikuwa kimya, na kuku walisogea kudonoa. "Na sisi tulikuwa tunawangoja mje," akasema. "Tukasema, hawa wa pwani wametuona si watu. Hata bakuli letu haliwezi kulala kwao."

Mama akamgeukia. "Na sisi tulisema nyinyi mmetuona si watu. Mnapita na majembe mbele ya mlango wetu, hamsemi njooni."

Hakuna aliyeomba radhi. Kadzo alivuta kamasi, akamrudishia mama mchi wake. "Kesho ni kwa mama mkwe wa Dama," akasema. "Sijakualika."

Kesho yake mama alichukua jembe akaenda. Hapo ndipo mimi nilipokata tamaa kabisa. Shamba letu linazama kwenye majani, baba amelala na mguu kama mbuyu mdogo, na mama amekwenda kupalilia kwa watu! Alirudi mchana mikono ina malengelenge. Siku iliyofuata akaenda tena, shamba jingine. Baba alimtazama mikono.

"Unapalilia kwa watu," alisema.

"Ndiyo."

"Na hapa?"

"Sijui, mume wangu. Ila kule nimepewa mstari wangu, katikati ya mistari yao. Na nimekula kwenye sinia moja nao." Alisema kama mtu anayeeleza ndoto.

Halafu ikaja ile asubuhi. Nilikuwa nje nasugua meno kwa mswaki wa mti, nikawaona wanakuja. Mstari mrefu wa watu kwenye njia, majembe mabegani, na mbele yao Mzee Karisa na Kadzo. Hawakuwa wanaimba. Nilikumbuka maneno ya Karisa, kikikushinda nitampa mwingine, na nikaelewa kwamba siku yenyewe ndiyo hii. Wamekuja kutuondoa. Kadzo alikuwa amebeba kitu kikubwa kichwani, kimefunikwa, na nilijua ni chombo cha kuchukulia vilivyobaki.

Niliingia ndani nikakaa juu ya sanduku. Nililishika kwa mikono miwili. Kadzo alipochungulia mlangoni nilipiga kelele, "Hatuendi!"

Alinitazama. "Nani kasema mnakwenda?"

"Umechukua kinu! Umechukua uteo! Sanduku hulipati!"

Nje watu walisikia, na kicheko kikapita kwenye ule mstari wote hadi mwisho. Baba alijifunika uso. Mama akaja akasimama nyuma ya Kadzo. Kadzo akatua mzigo wake, ukawa ni sufuria kubwa ya unga.

"Mwanangu," akasema, "shuka hapo. Watu wote hawa watakula wapi? Mama yako anataka sahani zake."

Mama alipiga magoti mbele ya sanduku. Fundo lilikuwa limekaza kwa unyevu, vidole vikashindwa, akalifungua kwa meno. Nje nilisikia jembe la kwanza likiingia ardhini, kisha yote.

Sijui niwaeleze vipi jinsi kazi ile ilivyokwenda, ninyi mliokulia mjini. Walijipanga kwenye ukingo wa shamba, kila mtu na mstari wake, wakasonga mbele pamoja kama ukingo wa leso unaokunjwa. Aliyekuwa mwepesi alimsaidia wa pembeni yake bila kuambiwa. Karisa mwenyewe, mwenye shamba, alikuwa na mstari wake kama wengine. Nyuma yao mahindi yetu yalibaki yamesimama peke yake kwenye udongo mweusi, na mimi nilishangaa kuona kumbe yalikuwa mengi.

Mama alikuwa jikoni anahangaika. Mwenye mweria hulisha watu, naye hakuwa na kitu ila yule papa wa kwenye sanduku. Akamroweka, akampika kwa nazi na ndimu, na Kadzo akasonga wari, ugali wa kwao, kwenye sufuria kubwa. Harufu ya papa ilipotoka, wavulana wakashika pua.

"Mama Athumani," kijana mmoja akauliza sahani yake ilipofika, "hii ni samaki au soli ya kiatu?"

"Kiatu," mama akajibu. "Lakini kina nazi."

Ilikuwa dhihaka ya kwanza kumsikia akiitoa tangu tuhame. Kadzo alicheka hadi akakaa chini. Mzee Karisa aliomba aongezwe, akaongezwa, akaomba tena. Alipomaliza alinawa mikono, akatazama shamba, akamwambia baba aliyekuwa ameketi mlangoni na mguu wake juu ya kigoda: "Mahindi ya wajomba yamesimama." Kisha akaonyesha kwa kidevu upande wa miembe michanga. "Nyumba mtajenga pale. Hii ya mwanangu inavuja."

Baba alitaka kusema kitu. Mwisho akasema, "Mwongezeni mzee samaki."

Watu walipotawanyika, vyombo vyao vilibaki. Wanawake wote walikuwa wamekuja na kitu, huyu bakuli la kunde, yule kibuyu cha maji, yule kijisufuria. Mama, amechoka hivyo hivyo, akaviosha vyote, akavipanga kwa nyumba zake, akaniita nianze kuvipeleka. Kadzo alikuwa ndiye wa mwisho kuondoka.

"Unafanya nini?"

"Vyombo vya watu."

"Viache." Alisema kwa upole ambao sikuwa nimewahi kuusikia kwake. "Chombo kikirudi leo, kesho mtu ana sababu gani ya kuja?"

Mama alisimama na bakuli mkononi. Niliuona uso wake ukifanya kazi, ukirudi nyuma kwenye visheti, sukari na nusu ya nazi, na kwenye jogoo aliyesimama juu ya kinu kizima.

"Kwa hiyo kinu changu..." akaanza.

"Kinu gani?" Kadzo akasema, akajipangusa mikono kwenye hando, akaondoka.

Vile vyombo vililala kwetu. Wenyewe walikuja mmoja mmoja, siku hii na ile, na kila aliyekuja alikaa, na aliyekaa alisema habari, na tulijua nani amejifungua na nani anaumwa. Tulivuna. Tukajenga pale kwenye miembe, na kuta zikakandikwa na mikono ileile. Kamba ya sanduku ikawa ya kufungia mbuzi.

Sisemi kwamba ikawa pepo. Kuna walioendelea kutuita wageni hadi nilipoolewa. Mbuzi yuleyule aliwahi kula muhogo wa mtu tukasemwa kwa wiki nzima. Kadzo naye hakuwa malaika. Alikuwa mchoyo wa chumvi, alipenda kuteta, na akikukasirikia hakukupa salamu mpaka mvua nyingine. Lakini mimi sijasoma sana, niliishia darasa la saba, na katika maisha yangu sijaona elimu ya mtu iliyonishangaza kama ile. Wengine huwapa wageni chakula, na ni jambo jema, ila mgeni akishiba hubaki mgeni. Kadzo alituomba. Alichukua kitu tulichokuwa hatuwezi kukaa bila yake, akakiweka mahali ambapo lazima tupite katikati ya watu kukifikia.

Kinu hakikurudi. Mama hakukidai tena. Mtu akikutana naye njiani asubuhi akimwuliza aendako, alisema, "Kinu chetu kiko kwa Kadzo," na hilo lilikuwa jibu la kutosha. Alikwenda hata baada ya mashine ya kusaga kuja karibu, hata alipokuwa hana la kutwanga.

Kilirudi mara moja tu. Mama alipofariki, Kadzo alikuja kabla ya watu wa Ngomeni kufika, amejitanda leso kichwani kwa heshima ya dini yetu, na nyuma yake mwanawe Katana anasukuma baiskeli, na kinu kimefungwa kwenye kiti cha nyuma. Wakatwangia matanga yote. Yalipokwisha, Katana akakifunga tena kwenye baiskeli. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, na huzuni ilinifanya nimwulize kama mtoto: "Sasa unakipeleka wapi?"

"Nikikiacha hapa," Kadzo akasema, "wewe nitakuona lini?"

Basi hivyo ndivyo alivyonichukua na mimi. Niliolewa Watamu, baba akamfuata mama, Athumani akaenda zake Mombasa, na kila nilipopanda Jilore nilifikia kwake. Safari hii nilijua ni ya mwisho. Njia nzima nilijiambia kwamba Kadzo akishazikwa, sina mtu wa kumwendea kule.

Baada ya mazishi Sidi, mke wa Katana, alinivuta kando. Si msemaji kama mama mkwe wake. "Wifi," akasema, "kinu chenu ni hicho. Katana atakutafutia tuktuk. Sasa ni haki yako."

Nilikitazama. Mdomo umelika upande mmoja, ule ufa wa kuzaliwa umeshuka karibu hadi chini. Nilitaka kukikumbatia kama mtu. Nilitaka kuwa nacho sebuleni kwangu, nikiguse nikipita.

"Si leo," nikasema. "Nitakuja kukifuata."

"Lini?"

"Nikipata mahindi."

Sidi alinitazama, akaanza kutabasamu, kisha akalia, akajifuta kwa mgongo wa mkono wenye wishwa. Aliingia jikoni akatoka na bakuli la unga uliotwangwa asubuhi ile, amelifunika kwa kitambaa, akanitilia mkononi. Bakuli la bati, lenye ua jekundu lililobanduka.

Unga tumekula. Bakuli nimeliosha, nimelipangusa, nimeliweka juu ya kabati ambapo naliona kila ninapoingia jikoni. Binti yangu ameuliza mara mbili kama alipeleke kwa watu wa tuktuk wanaopanda Jilore, wamrudishie mwenyewe.

Nimemwambia aliache.